Kenya One na Wenzake wa Michumani

Jumapili ya Agosti 10, 2025, Harambee Stars walipoilaza Morocco 1-0 ugani Kasarani katika michuano ya CHAN, habari ilitufikia Gatongora kwa honi. Matatu zilizotoka upande wa Githurai kuelekea Ruiru zilipiga kelele njia nzima. Jioni hiyo, kwenye kibanda cha chai, mjadala haukuwa juu ya Ryan Ogam aliyefunga bao. Ulikuwa juu ya kipa, Byrne Omondi, aliyelinda bao hilo kipindi cha pili chote huku Kenya ikiwa na wachezaji 10. Kijana mmoja wa boda alitangaza kwamba Kenya haijawahi kuwa na mnyakaji kama huyo. Mzee mmoja, aliyehamia huku wakati mibuni ilikuwa ingali imeizunguka Ruiru, aliweka kikombe chini na kusema maneno mawili tu: "Kenya One."

Nimeubeba mjadala huo tangu siku ile, na nataka kuujibu ipasavyo, kwa kuwapanga wanyakaji wa Kenya kwa daraja. Kazi yenyewe ina mtego. Mshambuliaji huacha mabao, na mabao huandikwa. Kipa huacha nini? Akidaka mpira, ubao wa matokeo haubadiliki. Kinachobaki ni simulizi, na kwa wanyakaji wa zamani simulizi hizo zilipitia redioni, kwa sauti za watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela. Msikilizaji wa Ruiru au Thika aliliona lango kwa masikio.

Kuna jambo jingine linalosahaulika sana. Hadi 1992, kipa aliruhusiwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na beki wake kwa mguu. Sheria ilipobadilika mwaka huo, kazi ya kipa iligeuka: ilibidi ajue kucheza kwa miguu huku mshambuliaji akimjia mbio. Basi anayemlinganisha kipa wa 1982 na wa 2019 analinganisha watu wa kazi mbili tofauti. Hata hivyo nitawalinganisha, kwa kuwa wote walikuwa na jukumu lile lile la mwisho, la kuzuia mpira usivuke mstari.

Nilianza kwa kuhesabu mabao ambayo Kenya imefungwa katika kila fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka 1972 nchini Cameroon ilifungwa 4 katika mechi 3. Mwaka 1988 nchini Morocco yalikuwa 6, 1990 nchini Algeria yakawa 3 tu, na 1992 nchini Senegal yakawa 5 katika mechi 2. Tunisia 2004 ilileta 6, na Misri 2019 ikaleta 7. Hesabu hii ingemfanya kipa wa 1990 kuwa mfalme, lakini mwaka huo Kenya haikufunga hata bao moja. Ilijichimbia nyuma, na ukuta wa mabeki una sehemu yake katika hesabu hiyo ya mabao 3. Nikaiweka hesabu kando.

Juu kabisa namweka Mahmoud Abbas, na hapo nakubaliana na yule mzee. Abbas, mwana wa Mombasa aliyeng'ara na AFC Leopards, aliitwa Kenya One, jina lililounganisha nambari ya jezi na nchi nzima. Kipindi chake ndicho kipindi ambacho Kenya ilitawala kanda hii. Ilitwaa Kombe la Challenge la CECAFA mara tatu mfululizo. Mwaka 1981 iliifunga Tanzania 1-0 jijini Dar es Salaam, mbele ya mashabiki wa Tanzania wenyewe. Mwaka 1982 ilikwenda Kampala, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha ikashinda 5-3 kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1983 ikailaza Zimbabwe 1-0 Nairobi. Upande wa klabu, Leopards nayo ilishinda Kombe la Klabu Bingwa la kanda 1982, 1983 na 1984.

Wengi humkumbuka Abbas kwa penalti za Kampala. Mimi naona fainali zile mbili za 1-0 zina uzito zaidi. Penalti ni kamari ambayo kipa hana cha kupoteza. Akifungwa hakuna anayemlaumu. Kushika uongozi wa bao moja, dakika baada ya dakika, kila krosi ikiweza kuharibu safari nzima ya timu, huo ndio mtihani wa kipa. Kenya iliupita mara mbili katika miaka mitatu.

Wa pili ni James Siang'a, na hapa najua nitapingwa, kwa kuwa vijana wengi humjua kama kocha tu. Siang'a alikuwa mnyakaji wa Gor Mahia na wa kikosi cha 1972, Kenya ilipofika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Ilipoteza 2-1 mbele ya wenyeji Cameroon, kisha ikatoka 1-1 na Mali na 1-1 na Togo. Kwa timu isiyokuwa na uzoefu wowote wa jukwaa lile, kupoteza kwa bao moja tu ndani ya Yaoundé si jambo dogo.

Je, ualimu wake uhesabiwe? Nilijiambia hapana, halafu nikashindwa kuuondoa moyoni. Mwaka 2003 Siang'a alikuwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika: 1-0 nyumbani, 1-0 ya kufungwa Cairo, kisha penalti 3-2. Langoni alisimama Juma Kaseja, kijana ambaye baadaye Tanzania ilimfanya mfano wa kipa. Kwamba timu ya mwalimu aliyekuwa kipa iliivuka Cairo kwa mikono ya kipa, sioni kuwa ni bahati tu. Siang'a alifariki 2016, na nadhani Dar es Salaam wanamkumbuka vizuri kuliko tunavyomkumbuka sisi.

Nafasi ya tatu nampa David Ochieng wa Gor Mahia ya 1987. Ili kumwelewa, rudi nyuma hadi 1979, klabu hiyo ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kuraruliwa na Canon Yaoundé: 2-0 Nairobi, 6-0 kule kwao. Miaka minane baadaye ilirudi fainali hiyo hiyo dhidi ya Espérance. Sare ya 2-2 Tunis, sare ya 1-1 Nairobi, na kombe likaja kwa sheria ya mabao ya ugenini. Kwa mahesabu yale, bao moja zaidi nyavuni mwa Ochieng siku ya Nairobi lingelipeleka kombe Tunis. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa taji la bara.

Patrick Matasi ni wa nne. Kwa penalti sidhani Kenya imewahi kupata mfano wake: Desemba 2017 kule Machakos aliokoa mikwaju ya Zanzibar baada ya sare ya 2-2 na kuipa Kenya Kombe la Challenge, na 2019 jijini Cairo alimnyima Sadio Mané penalti ya kipindi cha kwanza. Lakini mechi ile iliisha 3-0, na Mané alifunga mawili. Arnold Origi namweka wa tano, kwa miaka aliyodumu katika soka ya Norway, Lillestrøm ikiwemo, ambako kipa Mwafrika alilazimika kuthibitisha kila wiki kwamba anastahili jezi.

Na Omondi wa yule kijana wa boda? Kuna kitu nilikigundua nikipekua matokeo, na nilirudi kibandani kukisema. Mwaka 1988 Kenya ilitoka 0-0 na Cameroon katika fainali za Morocco, na Cameroon ndiyo iliyoondoka na kombe. Mwaka 2025 Morocco ndiyo iliyotwaa CHAN, papa hapa Kasarani, karibu wiki tatu baada ya kulazwa na Kenya ya Omondi. Mara mbili bingwa mtarajiwa alikuja mbele ya lango la Kenya na kuondoka bila bao. Mzee aliniuliza kama naweza kumpandisha Omondi juu ya Origi kwa mchana mmoja. Nikamwambia mchana mmoja hautoshi, lakini nafasi ya sita ni yake tayari.

"Kenya One alianza hivyo hivyo," akasema, akaagiza chai nyingine.