Sotoka na Pori: Ng'ombe, Watu na Wanyama wa Mwitu Katika Historia ya Nchi Yetu

Historia ya nchi aghalabu husimuliwa kwa majina ya watawala, majemadari na vita. Ni nadra ng'ombe kupewa nafasi ndani yake, na ni nadra zaidi kupewa nzi. Hata hivyo, yalipata kutokea maangamizi yaliyobadili sura ya nchi yetu pasipo risasi kulia wala tangazo la vita kutolewa. Maangamizi hayo yaliletwa na maradhi ya ng'ombe, nayo ni sotoka. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi kifo cha ng'ombe kilivyoleta njaa kwa watu, jinsi njaa ilivyoleta pori, na jinsi pori hilo lilivyokuja kudhaniwa kuwa limekuwapo tangu mwanzo wa dunia.

Kwanza na tutazame maisha yalivyokuwa kabla ya msiba huo. Kwa mfugaji, ng'ombe alikuwa maziwa, nyama, ngozi na mahari. Zaidi ya hayo, alikuwa akiba. Mkulima huweka akiba yake ghalani; mfugaji akiba yake hutembea kwa miguu minne. Wagogo, ambao nchi yao hupata mvua haba, walipokosa mavuno walitoa mifugo wakapata nafaka kwa majirani. Huko Uchagga ng'ombe alifungwa bandani akaletewa majani, na samadi yake ikarutubisha migomba. Kwa hiyo hata mtu ambaye hakupata kushika fimbo ya uchungaji alikula kwa msaada wa ng'ombe.

Lilikuwapo pia jambo jingine, lisiloonekana upesi. Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, na hunyonya damu ya wanyama wa mwitu. Wengi wa wanyama hao huishi na vijidudu anavyovieneza bila kudhurika sana. Lakini ng'ombe akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu hupatwa na nagana, na mwanadamu hupatwa na malale. Watu walipofyeka mashamba, wakakata kuni na kuchoma nyasi kwa majira, na mbuzi wao wakala machipukizi, vichaka vilirudi nyuma na mbung'o akarudi navyo. Jembe, moto na mdomo wa mbuzi vilikuwa boma la kijiji. Watu waliwalinda ng'ombe, nao ng'ombe waliwapa watu nguvu ya kuendelea kuwalinda. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Boma hilo lilibomolewa kwa miaka michache tu. Mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati Waitalia walipokuwa wakijikita Eritrea, sotoka iliingia kaskazini-mashariki mwa Afrika. Kutoka huko ilishuka kusini. Mwaka 1891 ilikwisha kuenea katika nchi ya Wamaasai. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ilikuwa Afrika ya Kusini. Ng'ombe wa huku hawakuwa na kinga yoyote dhidi yake. Mnyama alishikwa na homa, akatokwa na machozi na kamasi, akapata vidonda mdomoni, akaharisha, na baada ya siku chache akafa. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi, au zaidi. Nyati, pofu na nyumbu nao walikufa kwa wingi mno.

Waliofuata ni watu. Wamaasai huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Ndui iliingia katika miili iliyokwisha kudhoofishwa na njaa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita Ngorongoro mwaka 1892. Aliwakuta wanawake waliobaki mifupa mitupu, na vijana wa kimorani walioshindwa kusimama. Aliwaona watu wakila ngozi, mifupa na hata pembe za ng'ombe. Yeye alikadiria kwamba theluthi mbili za Wamaasai walikufa. Walionusurika wengi walikimbilia kwa majirani wakulima, na wako wazazi waliowaacha watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate chakula. Wengine walipigana wao kwa wao kwa ajili ya mifugo michache iliyosalia. Undugu wa mfugaji na mkulima, uliojengwa kwa kubadilishana maziwa, ngozi na nafaka, uligeuka kuwa wa mwombaji na mwombwaji.

Hapo ndipo ardhi yenyewe ilipoanza kubadilika. Watu walipungua, mashamba yakaachwa, mioto ya majira ikazimika, na mbuzi wa kula machipukizi hawakuwapo. Kwanza mbung'o naye alipungua mahali pengi, kwa sababu wanyama aliowategemea kwa damu walikuwa wamekufa. Lakini wanyama wa mwitu waliongezeka tena mapema kuliko watu na mifugo yao. Vichaka vikaota palipokuwa na malisho, mbung'o akarudi navyo, na mwenyeji aliyetaka kurejea kwao na ng'ombe wawili watatu akakuta mlango umefungwa.

Utawala wa kigeni uliingia katika nchi iliyokuwa katika hali hiyo, nao ulidhani kwamba hali hiyo ndiyo asili yake. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann wa utawala wa Kijerumani alitoa sheria ya uwindaji na kutenga maeneo ya hifadhi. Mwaka 1904 Waingereza waliandikiana mkataba na Wamaasai wa Kenya, ambao uliwaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na kuwapisha walowezi. Ardhi iliitwa tupu, lakini utupu wake ulikuwa na umri wa miaka kumi na michache tu. Aliyelala kwa ugonjwa alihesabiwa kuwa hana nyumba.

Hata hivyo wananchi hawakusahau elimu yao. Katika miaka ya 1920, huko Shinyanga, Wasukuma walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka, kazi iliyofanywa pamoja na mtaalamu wa mbung'o aliyeitwa Swynnerton. Palipofyekwa na kukaliwa, mbung'o alitoweka na ng'ombe wakarudi.

Kuhusu sotoka yenyewe, dawa ilitoka hapa kwetu Afrika Mashariki. Huko Muguga, Kenya, mtaalamu Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo madhubuti ipatayo mwaka 1960. Ng'ombe walipochanjwa kwa wingi kandokando ya Serengeti, jambo la ajabu lilitokea: sotoka ilitoweka pia kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachanja. Ikadhihirika kwamba waliokuwa wakiihifadhi sotoka walikuwa ng'ombe. Wanyama wa mwitu walikuwa wakiambukizwa tu. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zikaliwa, mioto ikapungua kwa kukosa cha kuunguza, na miti michanga ikapata kukua. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Kabla yake ni ndui peke yake iliyopata kufutwa hivyo.

Mafunzo ya historia hii ni mazito. Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba ng'ombe ni adui wa mnyama wa mwitu, na mfugaji ni adui wa hifadhi. Hatusemi kwamba hawagombani. Mfugaji wa Kimaasai mwenyewe huwahamisha ng'ombe wake nyumbu wanapozaa, kwa kuwa anajua watamletea maradhi. Lakini ni dhahiri kwamba makundi ya nyumbu ambayo wageni huja kuyatazama yaliokolewa na sindano iliyochomwa katika ngozi ya ng'ombe. Mpango wowote unaomtazama mnyama peke yake, au mtu peke yake, au chakula peke yake, umekata kamba mahali palipofungwa fundo.

Basi mwalimu apitapo na wanafunzi wake kando ya pori, na awaulize: hapa palikuwa nini zamani? Nani aliishi hapa, alifuga nini, na kwa nini aliondoka? Na awatume kwa wazee, ambao walirithi habari hizo kwa babu zao. Huenda ikaonekana kwamba pori hilo ni kaburi la kijiji, na kwamba wajukuu wa wanakijiji hao wangali hai na kumbukumbu zao.