Minazi ya Dhofar

Msomaji, mnazi hupenda joto na maji tele. Je, utaustawishaje katika nchi kavu? Watu wa Dhofar, kusini mwa Omani, walilijua jibu tangu zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliikuta minazi huko katika karne ya 14, akaeleza kitabuni mwake, mwaka 1355, jinsi tui na mafuta yalivyotolewa.

Siri yao ni nini? Kuanzia Juni hata Septemba kusi, upepo ule ule uliorudisha majahazi Arabuni kutoka pwani yetu, huleta ukungu. Miti ya milimani huunasa, matone huzama ardhini, na chemchemi na visima huinywesha minazi ya Salalah.

Basi kumbuka: aukataye mti mlimani huukausha mnazi pwani.