Merikani, Jinja na Mitumba: Ushuru na Kazi ya Mfumi

Kiswahili kina maneno mengi ya ufumaji ambayo wanafunzi wetu huyakuta katika kamusi tu. Mfumi, mtande, mshindio, kitanda cha mfumi: haya ni majina ya mtu, ya nyuzi na ya chombo, na watu hawaundi majina ya kazi wasiyoifanya. Lakini maneno ya nguo yaliyozoeleka sokoni ni ya namna nyingine. Merikani ni jina la nchi iliyofuma kitambaa hicho. Mitumba ni marobota yaliyofungwa ng'ambo. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi maneno ya kundi la kwanza yalivyohamia kamusini, na yale ya kundi la pili yalivyotamalaki madukani. Tutaona kwamba ushuru na kodi zina sehemu kubwa katika habari hiyo.

Kwamba ufumaji ulikuwako, hapana shaka. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hata Misri. Huko Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamevumbua vigae vilivyotobolewa, vilivyotumiwa kusokotea uzi. Pate ilisifika kwa nguo za hariri. Barani nako, Burton aliwakuta Wanyamwezi wakifuma pamba mwaka 1857, na Wafipa walijulikana kwa kazi hiyo hiyo. Katika Buganda, mafundi waligonga gome la mti wa mutuba mpaka likalainika likawa vazi la wakubwa kwa wadogo.

Sasa tutazame mambo yalivyogeuka. Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, kwa mkono wa mjumbe wao Edmund Roberts. Ushuru wa bidhaa za Wamarekani zitakazoshushwa katika bandari zake uliwekwa asilimia 5, wala usizidi. Waingereza wakapata sharti hilo mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Sayyid hakukubali kwa ujinga. Unguja ilikuwa bandari ya kupitishia mali, na hazina yake ilineemeka kwa wingi wa vyombo vilivyotia nanga, si kwa wingi wa vitanda vya wafumi. Ushuru mdogo uliwavuta wenye merikebu, nao walikuja kutafuta pembe, sandarusi na karafuu. Lakini tangu siku hiyo mtawala wa pwani hakuweza tena kuongeza ushuru kwa hiari yake, hata kama angetaka kumlinda mfumi.

Merikani ikaingia kwa wingi kutoka viwanda vya Massachusetts, hasa kwa merikebu za mji wa Salem. Ilikuwa nguo nzito, imara, isiyopaushwa, na bei yake haikumtisha mnunuzi. Misafara iliipeleka bara, ikawa kama fedha ya kulipia chakula, hongo na ujira wa wapagazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kweli merikani ilikuwa nzuri. Hata hivyo yatupasa kukumbuka kwamba haikujiuza peke yake: nyuma yake palikuwa na mashine, mitaji, merikebu na mkataba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliipunguza sana, lakini nafasi yake haikurudi kwa mfumi wa hapa. Ilichukuliwa na nguo za Uingereza na za Bombay. Wafumi wa Banadiri walishindana kwa muda mrefu na hawakutoweka kabisa. Wengi wengine waliacha kazi.

Wakoloni walipoigawa Afrika, mlango uliachwa wazi kwa mkataba mwingine. Mapatano ya Berlin ya mwaka 1885 yalitangaza biashara huria katika nchi zilizoitwa Bonde la Kongo, ambazo kwa tafsiri ya wenye mapatano zilifika mpaka Bahari ya Hindi. Mwaka 1890 huko Brussels ilikubaliwa kwamba ushuru waweza kutozwa, usipite asilimia 10. Mwaka 1919 kikomo hicho kiliondolewa, lakini bidhaa za mataifa yaliyotia sahihi ziliendelea kupokewa kwa usawa. Ndiyo sababu mwaka 1934, Uingereza ilipoweka mipaka juu ya nguo za Japani katika makoloni yake mengi, haikuweza kufanya hivyo Afrika Mashariki. Mkataba uliwabana hata waliouandika. Lakini mabishano hayo yalikuwa baina ya viwanda vya Lancashire na vya Osaka. Mkulima wa pamba wa Uganda aliuza pamba yake ghafi, akanunua shati lililofumwa mbali.

Hatua ya kurudisha ufumaji ilianza karibu na uhuru. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na mwaka huo huo kampuni ya Nyanza Textile Industries ikaanzishwa huko Jinja ili kutumia umeme wa mto na pamba ya nchi. Nguo yake ilienea hata Kenya, na huko watu wakaita kitambaa cha pamba kwa jina la mji: jinja. Waalimu wa lugha wataona uzito wa jambo hilo. Kama vile merikani ilivyobeba jina la nchi ya mbali, sasa mji wa jirani uliipa nguo jina lake. Tanzania nayo ilifungua kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Viwanda hivi vilikingwa na ushuru wa forodha.

Kinga hiyo haikutosha. Twakosea tukisema kwamba nguo za nje peke yake ndizo zilizoviangusha viwanda vyetu. Katika Uganda, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivuruga biashara na viwanda. Kwingineko vipuri vilikosekana, umeme ukakatika, na mkulima akacheleweshewa malipo. Basi milango ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, kwa shauri la wakopeshaji wa nje, mitumba ilikuta viwanda vimekwisha kudhoofika.

Nchi zetu zikatafuta njia nyingine: kuzivuta kampuni kwa kuzisamehe kodi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1990 juu ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje ilitoa msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Marekani ilipoondoa ushuru kwa nguo za Afrika kwa sheria ya mwaka 2000, iitwayo AGOA, maelfu ya watu walipata kazi ya kushona katika maeneo hayo. Faida hiyo hatuikani. Lakini tupime pande zote. Kampuni kubwa yaweza kulinganisha kodi za nchi kumi, kisha ikahamia penye nafuu. Fundi mwenye cherehani moja barazani hana pa kuhamia. Yeye hulipa leseni na ushuru wa soko tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyemwahidi miaka 10.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa AGOA. Huko Kigali wachuuzi wa mitumba walikuwa wamepoteza riziki, na wenye viwanda nao wakapoteza nafuu ya ushuru katika soko la ng'ambo.

Toka asilimia 5 ya Sayyid Said hadi dola 2.50 za Kigali ni miaka 183, na swali ni lile lile: ni nani mwenye kauli juu ya ushuru, na ni nani anayeketi barazani unapokatwa? Mfumi hakuitwa mwaka 1833. Tunapowafundisha wanafunzi neno mtande, tuwaeleze pia habari hiyo, wajue kwamba neno halikufa kwa uzee.