Hadithi Iliyohamia Kitabuni

Mchezo ukiondolewa jukwaani, watazamaji huenda zao. Lakini hadithi yenyewe huenda wapi? Swali hili lilijibiwa Uingereza katika miaka ya 1990, na jibu lake lilikuwamo katika vitabu ambavyo wasomi aghalabu huvipita bila kuvifungua.

Tarehe 23 Novemba 1963, BBC ilianza kuonyesha katika televisheni mfululizo wa michezo ya bunilizi za kisayansi uitwao Doctor Who. Shujaa wake, Daktari, ni msafiri wa nyakati. Chombo chake kina umbo la kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, naye kila akaribiapo kufa hugeuka sura na mwili. Mfululizo huo uliishi miaka ishirini na sita. Sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa tarehe 6 Desemba 1989, na msimu uliotazamiwa kufuata haukutengenezwa.

Wapenzi wake walikwisha zoea kutegemea karatasi. Kanda nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa zimefutwa na BBC yenyewe, na tangu mwaka 1973 vitabu vidogo vya Target vilikuwa vikisimulia upya michezo iliyopita. Kijana ambaye hakupata kuona mchezo aliweza kuusoma. Hiyo ilikuwa kazi ya kuhifadhi.

Mwaka 1991 kampuni ya Virgin ilianza kazi ya kuendeleza. Ilitoa riwaya mpya zilizoanzia pale televisheni ilipokomea, na mhariri Peter Darvill-Evans akawafungulia mlango hata waandishi ambao hawajapata kuchapishwa. Mpaka mwaka 1997, BBC ilipoichukua tena idhini yake na kuanza kutoa riwaya zake yenyewe, zilikuwa zimetoka riwaya 61 za Daktari.

Sidai kwamba zote zilikuwa njema. Baadhi zilijaa vishindo na kupungukiwa fikira. Nyingine zilidhani kuwa ukatili ndio utu uzima. Lakini Mgala muue na haki umpe. Kalamu haiombi fedha za mapambo, na huingia moyoni ambamo kamera haifiki. Katika Human Nature ya Paul Cornell, iliyotoka mwaka 1995, Daktari anajigeuza binadamu, anakuwa mwalimu katika shule ya Kiingereza mwaka 1914, na anampenda mwanamke. Kisha inampasa kuutoa ubinadamu huo, pamoja na mapenzi yake, ili wengine waokoke. Hadithi hiyo yastahili kusomwa na mtu ambaye hajapata kuutazama mchezo hata siku moja.

Mwaka 2005 Doctor Who ilirudi katika televisheni. Aliyeiongoza, Russell T Davies, alikuwa ameandika mojawapo ya riwaya zile, Damaged Goods, mwaka 1996. Mark Gatiss, mtunzi wa Nightshade ya mwaka 1992, alikuwa miongoni mwa waandishi wa msimu huo. Mwaka 2007 Cornell mwenyewe aliigeuza Human Nature kuwa mchezo wa sehemu mbili.

Mwanafunzi wa fasihi na asidharau kitabu kwa sababu ya ukoo wake. Mwenye mali aliweza kufunga jukwaa. Wasomaji waliichukua hadithi, wakaitunza, na baadhi yao wakajifunzia uandishi ndani yake. Jukwaa lilipofunguliwa tena, wao ndio walioitwa kupanda.