Jangili na mwindaji

Huku Shinyalu, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega, ukimuuliza mzee kuhusu babu yake atakwambia alikuwa mwindaji. Neno hilo analitaja kwa fahari. Kijana akikamatwa leo akiwa na tanzi la kutegea paa, huitwa jangili.

Neno *jangili* linafanana na *jangli* la Kihindi, yaani "wa porini". Katika Kiswahili limebeba uhalifu: jangili ni mwindaji haramu, na kazi yake ni ujangili.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaongeza makali, ingawa inatenganisha anayewinda apate kitoweo na anayefanya biashara ya nyama. Wote wana hatia, lakini adhabu si moja.

Lugha nayo itenganishe. Tukimwita kila mtu jangili, tajiri anayenunua pembe za ndovu hujificha nyuma ya maskini mwenye tanzi. Hata hivyo, tanzi halichagui: mbega akinasa, amekufa. Tuhifadhi jina la mwindaji kwa heshima ya babu, na msitu kwa ajili ya wajukuu.