Nyumba za Rangi za Bukama

Mbele rangi ya duka haijafika, wazee wetu wa Katanga walipakaa nyumba kwa pemba nyeupe, makala na udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, picha zinafutika. Kiangazi kikirudi, wanapakaa tena. Ilikuwa kazi ya kupendeza lupango, haikuwa biashara.

Mu mwaka 1926, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya Wabeleji, aliona pale Bukama nyumba zenye picha ku kibambazi. Njo akamujua Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Akamupa karatasi na rangi ya maji, ili picha zisipotee na mvua. Antoinette, muke wa Lubaki, naye alichora. Kazi ya Lubaki ikaonyeshwa Bruxelles mu 1929, na tena Paris mu 2015, kwa Fondation Cartier.

Basi karatasi nyingi zilibakia Ulaya, na vibambazi vyetu vikabakia bila picha. Leo tunalipa fundi, anapakaa rangi moja tu, kazi imeisha. Hakuna ubaya. Lakini kama kwenu kungali mama mwenye kujua kupakaa pemba, watoto wajifunze kwake angali muzima. Ufundi wake hauna karatasi.