Masafa Baina ya Barrow na Spitsbergen

Katika ramani bapa, Barrow, iliyo ukingoni mwa Alaska, huonekana pembeni kabisa upande wa magharibi. Na visiwa vya Spitsbergen vya Norwei huonekana karibu na katikati, juu ya Ulaya. Mtazamaji hudhani nusu ya dunia imelala baina yao. Tufe husema neno jingine. Likitazamwa kutoka utosini, mahali pale pawili ni majirani wanaoelekeana ng'ambo ya bahari moja ya barafu, na masafa yao hayafiki kilomita 3,400.

Waliovuka bahari hiyo kwanza kwa ndege yenye mabawa, kutoka upande mmoja hata wa pili, ni Hubert Wilkins wa Australia na rubani wake, Carl Ben Eielson wa Marekani. Amundsen na Nobile walikuwa wamekwisha ivuka mwaka 1926 katika Norge. Lakini Norge ilikuwa merikebu ya angani iliyojazwa gesi, ikachukua watu 16 kwa muda wa siku tatu. Ndege ya Wilkins ilikuwa ya mbao, yenye mtambo mmoja. Mwaka 1927 wawili hao walijaribu safari za barafuni kwa ndege nyingine. Mtambo ukawatupa, wakarejea pwani kwa miguu, na baridi ikala kidole cha Eielson.

Tarehe 15 Aprili 1928 waliondoka tena, katika njia nyembamba waliyosaidiwa na Wainupiati wa Barrow kuichimba katika theluji. Hawakushika mstari ulionyooka. Wilkins aliipinda njia kwa makusudi, ili apite pasipopata kuonwa na mtu, ajue kama pana nchi. Hakuona nchi. Dira nayo ilikuwa mshauri kigeugeu, kwani ncha ya sumaku haipo mahali pamoja na ncha ya dunia; kila walipoendelea sindano ilibadili kauli, na Wilkins akawa hana budi kupima jua na kuhesabu upya.

Baada ya saa 20 na dakika 20, tufani iliwashusha katika kisiwa kisicho na watu, wakafungwa humo siku tano. Hewa ilipotulia, ndege ilikataa kusogea bila ya kusukumwa. Wilkins akasukuma, ndege ikaruka, yeye akabaki thelujini. Eielson akarudi kumchukua, na jambo lile lile likatokea mara ya pili. Mara ya tatu aliwahi kupanda. Kumbe Green Harbour, penye watu na simu ya upepo, palikuwa karibu.

Wilkins alipewa cheo cha Sir mwaka huo huo. Eielson alikufa Novemba 1929, ndege yake ilipoanguka Siberia.

Kiwanja kikubwa cha Longyearbyen, Spitsbergen, kilifunguliwa mwaka 1975. Na Barrow, ambayo wenyeji wake walipiga kura mwaka 2016 kuirudishia jina la Utqiaġvik, ina kiwanja chake. Ndege ya siku hizi ingeweza kuyamaliza masafa hayo kwa saa nne hivi. Lakini hakuna ndege ya abiria ipitayo njia hiyo, kwa kuwa hakuna abiria wa kuijaza. Msafiri hushuka kusini hata Anchorage, akaendelea hata miji mikubwa, akavuka kwenda Oslo, kisha akapanda tena kaskazini. Na pamoja na kungoja viwanjani, safari hiyo humla muda mwingi kuliko ilivyowachukua wale wawili katika ndege ya mbao.